Mnunuzi wa Saa Moja Jioni

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na hata leo ukimuuliza hatakuzungusha. Atakwambia mjinga alikuwa yeye kwa sababu chumbani hapakuwa na mtu mwingine wa kumsingizia. Na ni kweli, hapakuwa na mtu mwingine. Ujinga wenyewe ulianzia hapo.

Jina lake la kwenye vyeti lilikuwa limeshasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Mzee Brashi, kwa kuwa alitengeneza brashi: za kusugulia sakafu, za viatu, za chupa, na moja yenye mpini mrefu ya kusugulia mgongo, ambayo kila aliyeinunua aliapa kwamba anampelekea mtu zawadi. Karakana yake ilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba. Mle ndani mlikuwa na mashine mbili, ya kukata mbao na ya kutoboa matundu, na wanawake wanne waliokaa kwenye vigoda wakivuta katani kwa waya kuipitisha tundu baada ya tundu, matundu mia na ishirini kwa brashi moja. Mkubwa wao alikuwa Mama Nyuzi, mwenye sugu kwenye kila kidole na ulimi usio na sugu hata moja.

Mchana banda lilijaa kelele, vumbi na umbeya. Ikifika saa kumi na moja wanawake walijikung'uta, wakaaga, na Mzee Brashi akaachiwa nyumba. Mkewe alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Binti yake wa pekee aliolewa mbali, akawa anapiga simu kila tarehe mosi, bila kukosa, kama mtu anayelipa kodi. Mezani palikuwa na viti viwili: kimoja cha kukalia, na kimoja cha nguo zinazosubiri pasi. Lakini hata hicho cha kukalia hakukikalia sana. Alikula amesimama karibu na sinki. Alidai mtu akila peke yake huku amekaa, atasikia meno yake mwenyewe yakitafuna, na hiyo si sauti ya kumsikilizisha mtu mzima.

Basi saa moja jioni simu ililia.

Aliyepiga alikuwa mnunuzi wake wa ng'ambo, mtu wa lugha moja naye aliyehamia huko zamani na kufungua duka la vyombo vya nyumbani. Simu ya kwanza kabisa ilikuwa ya bei. Ya pili ilikuwa ya unene wa mbao. Ya tatu ilikuwa ya kikohozi, maana mnunuzi alisikia mwenzake anakohoa akataka kujua anakunywa dawa gani. Baada ya hapo hakuna aliyehesabu tena. Mnunuzi alimwita "kaka," naye akamwita "mdogo wangu," na kila jioni, saa moja kamili, waliongea nusu saa kuhusu mambo yasiyo na faida yoyote kwa biashara.

Mzee Brashi alianza kuiandalia simu hiyo. Mchana alikusanya visa vya kumsimulia, kama mtu anayeokota kuni njiani: Mama Nyuzi kamwambia nini dereva wa mbao, nani kajitoboa kidole, paka gani kazalia kwenye gunia la katani. Jioni alinawa uso, akavaa shati safi, akaiegemeza simu kwenye mkebe wa sukari. Shati safi kwa ajili ya simu isiyo na picha! Jirani angemwona, angemwombea.

Tena alitia chumvi. Alisema binti yake anakuja kila Jumamosi na wajukuu, wanamvunjia vikombe. Alisema amekula vizuri, mezani. Mdogo wake naye alimsimulia duka: jinsi watu walivyojaa, jinsi mama mmoja alivyonunua brashi mbili akarudi kwa tatu nyingine. Mzee Brashi alilala na habari hizo kama mtoto aliyeahidiwa viatu.

Sasa ni lazima tumwingize mtu wa tatu, maana bila yeye hakuna kisa.

Kupeleka makasha arobaini ya brashi ng'ambo si sawa na kumuuzia jirani ufagio. Mnunuzi alitaka kulipa siku tisini baada ya mzigo kutoka, na mbao na katani hazisubiri siku tisini. Benki ilikubali kumkopesha, ikashika mashine zote mbili na banda kama rehani. Lakini benki haiamini mtu wa ng'ambo kwa sababu tu anajua kuuliza kikohozi. Ilitaka bima. Bima hiyo ilitolewa na Mfuko wa Dhamana, ofisi ya serikali iliyoanzishwa kwa ajili ya watu wadogo kama yeye: mnunuzi wa nje akishindwa kulipa, Mfuko unalipa themanini katika kila mia, benki inatulia, na fundi anabaki na mashine zake.

Kwenye dirisha la nne la Mfuko alikaa mwanamke wa umri wa binti yake, ambaye wateja walimwita Mama Kipengele. Hakukuruhusu kuondoka dirishani kwake mpaka urudie masharti kwa mdomo wako, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la pili.

"Rudia, mzee wangu."

"Mnunuzi akichelewa, nisimpelekee mzigo mwingine."

"La pili?"

"Siku yake ya kulipa ikipita, nije kutoa taarifa kabla siku thelathini hazijaisha."

"La tatu. Hili ndilo linalowaua."

"Nisimwongezee mnunuzi muda hata siku moja bila kuwauliza ninyi."

"Hata akilia?"

"Hata akilia, mwanangu."

Foleni nzima ilicheka, naye akacheka, akaweka sahihi, akaenda zake. Mtu akicheka na sharti huwa haoni kwamba nalo linamcheka.

Siku ya malipo ilipita. Siku tano, siku kumi. Mzee Brashi hakuuliza. Kila jioni swali lilimfika kooni, akalimeza na chai. Katika kazi yao ya ufundi kuna adabu moja ya zamani: mteja humkumbushi deni wakati anakujulia hali. Unangoja siku nyingine, asipokujulia hali, ndipo unamkumbusha. Ubaya ni kwamba huyu hakupitisha siku bila kumjulia hali.

Siku ya ishirini mnunuzi mwenyewe alilitaja. Sauti yake ilikuwa chini. "Kaka, naona haya. Kuna mambo yamekaa vibaya kidogo. Ungenipa miezi mitatu..."

Na huyu hapa mjinga wetu, kwenye shati lake safi, mbele ya mkebe wa sukari. Alichokisikia si miezi mitatu ya deni. Alisikia mtu anaona haya mbele yake, mtu anamhitaji. Muda mrefu hakuna aliyekuwa amemhitaji kwa kitu kisicho brashi. Moyo ukamjaa.

"Mdogo wangu, mitatu ya nini? Chukua minne!"

Aliombwa mitatu, akatoa minne. Mnunuzi akashukuru kwa sauti iliyokatikakatika. Mzee Brashi akaenda kulala akijiona mtu mkubwa.

Asubuhi yake alimsimulia Mama Nyuzi huku mashine ikipata moto. Mama Nyuzi aliacha waya.

"Umeombwa mitatu ukatoa minne? Huo mnada unakwenda upande gani, mzee?"

"Ni ubinadamu, Mama Nyuzi."

"Ubinadamu mzuri. Na yule mama wa dirisha la nne umemshirikisha katika ubinadamu wako?"

Mzee Brashi aliizima mashine. Alikuwa amesahau. Si kwamba hakujua; alirudia mwenyewe, kwa sauti, mbele za watu. Alisahau kama mtu anavyosahau mwavuli kwa sababu jua limemchekea.

"Yalikuwa maneno tu," alisema. "Hatukuandikiana."

"Na banda hili benki ikija kulichukua, italichukua kwa maneno tu?" Mama Nyuzi alirudi kwenye kigoda chake. "Nina watoto watatu shuleni, mzee. Kawaambie walimu wao habari za ubinadamu."

Mzee Brashi alipanga kwenda Mfuko kesho yake. Kesho yake akapanga keshokutwa. Kwenda maana yake ilikuwa kumshtaki mdogo wake serikalini. Mfuko ungeandikia mawakala wake wa huko, mawakala wangegonga mlango wa duka, na saa moja jioni simu isingelia tena. Kutokwenda maana yake ilikuwa bima kufa, na benki kuja na gari la kubebea mashine. Alilipima jambo hilo kila siku, na aibu yake kubwa ni kwamba mizani ilikuwa hailali upande mmoja. Mashine mbili, banda na kazi ya wanawake wanne upande huu; nusu saa ya sauti ya mtu upande ule. Na bado mizani ilitetemeka.

Jioni waliendelea kuongea. Mdogo wake alikuwa mchangamfu kuliko mwanzo, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Jioni moja alimsimulia foleni iliyotokea dukani, na bibi mmoja mkali aliyetaka brashi sita na kupunguziwa bei. Mzee Brashi alicheka, lakini kicheko kilimtoka kikavu.

Siku ya ishirini na nane Mfuko ulimtumia ujumbe: zimebaki siku mbili, je, mnunuzi amelipa? Aliusoma, akaifukia simu kwenye pipa la unga wa mbao. Mama Nyuzi aliifukua, akaipuliza, akamrudishia bila kusema neno. Mama Nyuzi asiposema neno, ujue maji yamezidi unga.

Siku ya thelathini alinyoa ndevu, akaenda.

Ofisi ya Mfuko ilikuwa na feni moja iliyozunguka kama inayofikiri kwanza, na benchi refu ambalo kila aliyeinuka mwisho mmoja alimwangusha aliyekaa mwisho mwingine. Alikaa katikati. Zamu yake ilifika saa nane.

"Shikamoo, mzee wangu. Umeniletea tabasamu au taarifa?"

"Marahaba, mwanangu. Taarifa."

Mama Kipengele alimpa fomu. Aliijaza vizuri mpaka swali la saba: *Je, umempa mnunuzi muda wa ziada bila kibali cha Mfuko?* Palikuwa na visanduku viwili tu, ndiyo na hapana. Kalamu ikasimama juu ya hapana, karibu kabisa, kama nzi anayetafuta pa kutua. Nani alisikia? Mkebe wa sukari?

Lakini Mzee Brashi alikuwa mwongo wa jioni, hakuwa mwongo wa mchana. Kusema amekula ilhali hakula, hilo halikumdhuru mtu. Huku kulikuwa na sahihi chini. Akatia alama kwenye ndiyo, akaisukuma fomu kwa kidole, akatazama pembeni.

Mama Kipengele alisoma. Alisoma tena. "Miezi mingapi?"

"Minne. Kwa mdomo tu."

"Aliomba minne?"

"Aliomba mitatu."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, lakini mzee aliyekuwa mbele yake hakubadilika. "Mzee wangu, uliyarudia masharti hapa hapa. Ulisema hata akilia."

"Hakulia. Angelia ningekumbuka."

Mama Kipengele hakucheka. Alifungua faili, akapekua. "Nisikilize. Muda uliompa bado hauko kwenye maandishi kati yenu, na siku zako zinaishia leo. Ukimwandikia sasa hivi kwamba umeufuta, anadaiwa kama mkataba ulivyosema, nakala nikaipata kabla hatujafunga saa kumi, taarifa yako naipokea. Kamati itakuuliza maswali, na huenda ikakukata kidogo kwenye malipo. Lakini faili litakuwa hai. Ikipita saa kumi, sina faili, na benki yako nitaijibu hivyo."

"Hakuna namna ya kumwacha yeye nje? Ni mtu mwema. Duka lake linakwenda vizuri, ni mambo yamekaa vibaya kidogo tu. Juzi alikuwa na foleni."

"Foleni ya wapi?"

"Dukani kwake. Kuna bibi alitaka brashi sita."

Mama Kipengele aliligeuza faili ili mzee aone. Aliposema, sauti ya dirisha la nne ilikuwa imemtoka, ikabaki sauti ya mtoto wa mtu. "Baba, wakala wetu hukagua kila mnunuzi tuliyemwekea bima, na pale alipita wiki iliyopita. Duka limefungwa miezi miwili sasa. Lina kufuli na tangazo la kupangisha. Brashi zako mwenye jengo amezifungia ndani pamoja na vitu vingine, kwa ajili ya kodi."

Mzee Brashi aliangalia karatasi. Palikuwa na picha ndogo: mlango wa chuma, kufuli, tangazo. Kwenye dirisha, nyuma ya kioo chenye vumbi, brashi moja ya mgongo ilikuwa imening'inizwa. Kazi ya mkono wa Mama Nyuzi. Aliitambua kwa namna katani ilivyolala.

Alirudi kwenye benchi na simu yake. Ilikuwa saa tisa kasoro.

Mngetegemea awe na hasira, na yeye mwenyewe aliitafuta hasira asiipate. Alichokipata ni chumba. Aliona chumba asichokijua, mahali fulani ng'ambo, na mtu ameketi ndani yake saa moja jioni, anabuni wateja. Anambuni bibi mkali. Anampa hesabu, brashi sita, anamfanya aombe kupunguziwa bei ili kisa kinoge. Na upande huu mtu mwingine amesimama karibu na sinki, anabuni wajukuu, anawavunjisha vikombe. Miezi miwili walikuwa wameuziana duka lisilokuwepo kwa Jumamosi zisizokuwepo, na kila mmoja aliondoka ameridhika na biashara.

Angeweza kuniambia, aliwaza. Siku ile aliyoona haya, angesema tu, kaka, nimefunga. Mimi ningesema, nami hapa nala nimesimama. Tungeanzia hapo.

Lakini hakusema. Alisema miezi mitatu.

Alianza kuandika. Aliandika "Mdogo wangu," akafuta. Aliandika "Habari za jioni," na ilikuwa mchana kweupe, akafuta. Mtu aliyekuwa mwisho wa benchi aliinuka, benchi likainama, simu ikamponyoka, akaiokota na kuanza upya. Mwishowe aliandika kwa jina la duka, namba ya ankara na tarehe ya mkataba. Kwamba muda wa miezi minne aliompa kwa mdomo ameufuta. Kwamba deni linadaiwa lote. Kwamba taarifa imefika kwenye Mfuko wa Dhamana. Mistari minne. Hakuwahi kumwandikia mtu yeyote kitu kisicho na salamu. Akabonyeza kutuma, akampelekea Mama Kipengele nakala, naye akaichapa, akapiga mhuri na kuandika saa: tisa na dakika arobaini.

"Umefanya vizuri, mzee wangu."

"Sijisikii kama nimefanya vizuri, mwanangu."

"Hicho hakina kisanduku kwenye fomu," alisema, lakini kwa upole, akamsogezea glasi ya maji.

Hakuwa ameimaliza glasi simu ilipolia. Ilikuwa mara ya kwanza mtu yule kumpigia mchana. Mzee Brashi alipokea palepale dirishani.

"Kaka, nini hiki?"

"Ni barua."

"Naona ni barua! Nauliza ni nani kaiandika. Haiwezi kuwa wewe. Hata salamu?"

"Ni mimi."

"Ulinipa miezi minne kwa mdomo wako. Hukulazimishwa. Mimi niliomba mitatu!"

"Ni kweli. Mjinga nilikuwa mimi, hilo sikatai."

"Sasa umekwenda kunisemea serikalini, kama mwizi. Watanifunga mikono kila nitakapotaka kuanza tena. Ungenipigia kwanza! Kila siku tunaongea, kila siku, kaka. Nani mwingine anakupigia wewe? Umenitajia mtu gani mwingine anayejua umeamkaje?"

Mzee Brashi aliiweka glasi chini. Feni ilifikiri, ikazunguka. Nyuma ya kioo, Mama Kipengele alijifanya anapanga karatasi zilizokwisha pangwa.

"Hakuna," alisema mwishowe.

"Basi! Mimi nilidhani sisi ni ndugu. Sema wewe mwenyewe: ndugu humshtaki ndugu?"

"Ndugu angeniambia duka limefungwa, nikamtafutia nauli ya kurudi nyumbani," alisema Mzee Brashi. "Aliyeniomba miezi mitatu ni mteja, na mteja ana fomu yake."